Nani Kashika Mtambo?

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 12 Januari 1964, watu wa Unguja waliofungua redio zao walisikia sauti wasiyoizoea. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, na maneno yake yalikuwa ya amri tupu. Aliyekuwa akisema ni John Okello, mzaliwa wa kaskazini mwa Uganda, na mahali alipoketi ni kituo cha Sauti ya Unguja pale Raha Leo. Wengi visiwani hawakuwa wamemwona mtu huyo hata siku moja, wala jina lake hawakulijua. Hata hivyo jua halikutua kabla watu hawajaamini kwamba serikali ya Sultani imeanguka. Redio ilikuwa imesema.

Miaka kumi na minane baadaye, Jumapili nyingine, tarehe 1 Agosti 1982, askari wa Jeshi la Anga la Kenya aitwaye Hezekiah Ochuka alimtoa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake Nairobi, akampeleka Sauti ya Kenya na kumlazimisha kutangaza kwamba serikali ya Rais Daniel arap Moi imepinduliwa. Haikuwa imepinduliwa. Lakini kwa saa kadhaa nchi nzima iliishi kana kwamba imepinduliwa, mpaka askari walioongozwa na Jenerali Mahmoud Mohamed walipokikomboa kituo na Mbotela yuleyule akatangaza kwamba serikali ingalipo. Ochuka alikimbilia Tanzania, akarudishwa, na mwaka 1987 akanyongwa.

Leo watu wanaulizana kama redio itakufa. Wanaouliza huwatazama vijana wenye simu mkononi, kisha wakatoa hukumu palepale. Mimi naona hukumu hiyo imetolewa bila kusoma faili. Historia ya redio ya Kiswahili, tangu siku ya kwanza, ni historia ya mwenye mtambo: nani kaujenga, nani anaulipia, na siku anapochoka kulipa anauzima kwa idhini ya nani. Msikilizaji ndiye anayekuja mwisho kuulizwa, na ndiye huwa wa mwisho kuondoka.

Redio ilipoingia Afrika Mashariki haikuja kwa ajili ya Waswahili. Matangazo yalianza Nairobi mwaka 1928, yakiwalenga walowezi wa Kizungu waliotaka kusikia habari za kwao. Mwafrika hakuwa na redio wala kipindi. Kilichobadili hesabu ni Vita Kuu ya Pili. Maelfu ya vijana wa King's African Rifles walikuwa Abyssinia, kisha Burma, na serikali ya kikoloni ikaona haja ya kusema na wazee na wake zao kwa lugha wanayoielewa. Kiswahili kikaingia hewani kwa ajili ya vita, na vita vilipokwisha hakikutoka.

Mwaka 1951 Zanzibar ilianzisha Sauti ya Unguja, na mwaka huohuo, mwezi Julai, ikazaliwa Sauti ya Dar es Salaam. Jina hilo la pili lilikuwa la haki kabisa, maana mtambo ulikuwa mdogo na matangazo yake hayakuwafikia wengi nje ya mji. Ilipofika mwaka 1956 lilikuwa limeundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na sauti ikaanza kupenya mikoani. Kenya nayo, baada ya kutangazwa hali ya hatari Oktoba 1952, ilipanua matangazo ya Waafrika kwa nia ya wazi ya kupambana na Mau Mau kwa maneno, sambamba na bunduki.

Kisha Cairo ikaingia uwanjani.

Mwaka 1954 serikali mpya ya Misri ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na miongoni mwa sauti zilizosikika kutoka huko ilikuwa ya Mzanzibari, Ahmed Rashad Ali. Kwa mara ya kwanza msikilizaji wa Mombasa au Tanga alisikia Kiswahili safi cha pwani kikimshutumu mkoloni waziwazi, na mkoloni hana la kufanya. Siri ilikuwa katika masafa mafupi. Mawimbi yake hupanda juu, yakagonga tabaka la anga lililochajiwa na jua, yakarudi ardhini maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Mtambo mmoja unaweza kusikika bara zima. Hauhitaji mnara katika nchi unayoisemesha, hauhitaji leseni yake, wala hauombi ruhusa mpakani. Polisi wangeweza kukamata gazeti bandarini. Wimbi lililotoka Cairo likashukia kwenye baraza la kahawa wangelikamatia wapi?

Waingereza walihangaika sana, hasa baada ya kufedheheka katika vita vya mfereji wa Suez mwaka 1956. Jibu lao likawa kujenga sauti ya kushindana. Tarehe 27 Juni 1957 BBC ilianza idhaa ya Kiswahili, mwaka uleule ilipoanzisha Kihausa na Kisomali. Miongoni mwa sauti za mwanzo kabisa ilikuwa ya kijana wa Tanganyika aliyekuwa akisoma sheria London, Oscar Kambona, ambaye miaka michache tu baadaye angekuwa waziri katika serikali ya nchi huru. Moscow nayo haikukaa nyuma. Peking ilianza Kiswahili mwaka 1961. Washington ikafuata, na mwaka 1963 Deutsche Welle ikafungua idhaa yake kutoka Cologne.

Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu. Katika muda usiofika miaka kumi, lugha ambayo watawala waliiona kuwa ya kuamrishia watumishi na askari ilikuwa inasemwa hewani kila siku kutoka miji mikuu ya dunia, kila mmoja ukimbembeleza msikilizaji. Hakuna hata mmoja aliyegharimia mitambo ile kwa mapenzi ya Kiswahili. Kila mmoja alikuwa na vita vyake. Lakini aliyefaidi ni mtu wa Lamu, wa Tabora, wa Bujumbura. Alisikia habari moja mara tatu kutoka pande tatu, na taratibu akajifunza kulinganisha. Vizazi viwili vya watu wetu, wengi wao hawakupita darasa la nne, walikuwa na ujuzi wa siasa za dunia uliowashangaza wageni, na shule yao ilikuwa masafa mafupi.

Uhuru ulipopatikana, serikali mpya zilijua thamani ya zilichorithi. Kenya ililitaifisha shirika lake la utangazaji mwaka 1964 likawa Sauti ya Kenya. Tanzania ililiweka chini ya wizara mwaka 1965 likawa Redio Tanzania Dar es Salaam, na hadi leo ukitaja RTD kwa mtu wa umri fulani uso wake hubadilika. Mitambo ya Barabara ya Pugu haikuishia kusema na Watanzania. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na RTD iliwapa wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC na wenzao nafasi ya kusema na watu wao. Kijana wa Soweto aliyekutwa akisikiliza matangazo hayo alihatarisha kifungo. Kile ambacho Cairo iliwafanyia Waingereza, sasa Dar es Salaam ilikuwa inawafanyia Pretoria na Lisbon.

Mtambo peke yake hautoshi bila redio nyumbani. Transista, iliyobuniwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1947, ndiyo iliyoifikisha redio kijijini, kwa sababu iliiondoa kwenye umeme wa ukutani. Mwaka 1966 kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilianzisha kiwanda Dar es Salaam, na betri zenye jina la National zikaingia kila duka. Betri zikichoka zilianikwa juani zirudishe nguvu kidogo, zifike angalau kwenye taarifa ya saa mbili usiku. Wakenya waliziita mawe, na mzee aliyeishiwa mawe siku ya mechi alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Redio yenyewe ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mtoto hakuruhusiwa kugusa kitufe. Jirani asiye nayo alikuja kusikiliza, akapewa kigoda.

Vipindi vya wakati ule vilikuwa vya kila umri. Mama na Mwana kilikuwa cha watoto, ingawa wakubwa nao walitega sikio. Pwagu na Pwaguzi kiliwachekesha wote. Ugua Pole kilipeleka salamu kwa wagonjwa. Nairobi, kuanzia mwaka 1966, Mbotela aliuliza kila wiki swali lake la Je, Huu ni Ungwana?, na aliendelea kuuliza kwa zaidi ya nusu karne. Alifariki tarehe 7 Februari 2025. Sidhani kama kuna mwalimu wa adabu aliyekuwa na darasa kubwa kuliko lake katika Afrika Mashariki.

Lakini kama ningeambiwa nichague kipindi kimoja kueleza redio ilikuwa nini kwetu, nisingechagua mchezo wala muziki. Ningechagua matangazo ya vifo. Mtu amefariki hospitali ya Muhimbili, na jamaa zake wametawanyika Songea, Kigoma na Mwanza, hawana simu, na barua inachukua wiki mbili. Familia inakwenda kulipia tangazo. Jioni mtangazaji anasoma jina la marehemu, kisha majina ya wafiwa mmoja mmoja na mahali walipo, na siku ya mazishi. Huyo wa Kigoma huenda hana redio, au yuko ziwani. Haidhuru. Kuna mtu kijijini kwake aliyesikia, na huyo atatembea usiku na taa ya chemli kwenda kumgongea mlango. Matangazo yale hayakumtegemea aliyetajwa kusikia. Yalimtegemea jirani. Nchi nzima ilikuwa imekubaliana, bila kuandikiana mkataba, kwamba ukisikia jina la mtu unayemfahamu, ujumbe huo ni wako kuupeleka. Ujumbe wa simu humfikia mwenye namba, na asipopatikana hakuna mwingine anayejua kwamba alitafutwa. Redio ilimkabidhi habari kila mmoja, na kwa hiyo kila mmoja aliwajibika.

Wataalamu wa elimu ya watu wazima walilielewa jambo hilo mapema. Mwaka 1973 serikali ya Tanzania, kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Yaliundwa makundi ya kusikiliza nchi nzima, kila kundi likiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, vitabu vidogo vya kusoma, na redio. Kwa wiki kumi na mbili watu walikutana, wakasikiliza kipindi, wakasoma kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, wakajadili malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Baada ya kujadili walitoka kwenda kufanya: kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchimba vyoo. Walioshiriki wanakadiriwa kufika milioni mbili, katika nchi ambayo wakati huo haikuwa na watu milioni kumi na tano. Vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Nimesoma mengi kuhusu kampeni za afya za siku hizi, zenye mabango ya rangi na kurasa za mitandaoni, na bado sijaona iliyotoa jembe ndani na kulipeleka uani kwa kiasi kile.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 1993, RTD ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliozungumzia uzazi wa mpango na ukimwi kupitia maisha ya watu wa kubuni, akiwemo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo. Watafiti walifanya jambo la busara: eneo linalohudumiwa na mtambo wa Dodoma halikurushiwa mchezo huo kwa miaka miwili ya kwanza, ili walinganishe. Walipolinganisha, walikuta kwamba waliousikia walikuwa wamebadilika zaidi kuliko wasiousikia. Ni mara chache chombo cha habari popote duniani kimepimwa kwa uangalifu namna hiyo.

Muziki nao ulikaa mkononi mwa redio. Kwa miaka mingi studio ya RTD ndiyo iliyokuwa mlango mkuu wa bendi kurekodi nchini Tanzania. NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, wote walipita pale, na nyimbo zao nyingi hazikuwahi kuwa santuri. Zilibaki kwenye kanda za sumaku katika maktaba ya redio. Hili nitalirudia.

Tusiupambe wakati ule kupita kiasi. Mtambo ulikuwa mmoja na mwenye nao alikuwa mmoja. Kilichomkera mkubwa hakikusomwa, na habari za kwanza kila jioni zilikuwa safari na hotuba za rais. Aliyetaka kujua yaliyofichwa alisubiri usiku akatafuta London au Cologne. Ndiyo maana hewa ilipofunguliwa watu walishangilia kwa dhati. Kampala ilipata vituo vya binafsi, Sanyu na Capital, mwaka 1993. Tanzania ilipitisha sheria ya utangazaji mwaka huohuo, na mwaka 1994 zikasikika Radio One na Radio Tumaini. Kenya ilichelewa hadi Capital FM mwaka 1996. Ghafla vijana walisikia watangazaji wanaosema kama wao, wanaowapigia simu hewani, wanaocheza bongo fleva na genge. Muziki huo haungekua kama ulivyokua bila FM.

Lakini Julai 1993, katika nchi jirani, ilizinduliwa redio nyingine ya binafsi, yenye watangazaji wachangamfu na muziki mzuri. Ilikuwa RTLM ya Kigali. Mwaka uliofuata, wakati wa mauaji ya kimbari, ilisoma hewani majina ya watu wa kuuawa na mahali walipojificha. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha, katika hukumu ya Desemba 2003, iliwatia hatiani waasisi wake wawili. Utaratibu uleule wa kila mmoja kusikia na kila mmoja kuwajibika, ambao kwetu ulimpeleka jirani kugonga mlango wa mfiwa, Rwanda ulimpeleka jirani na panga. Kila anayeipenda redio lazima alibebe hilo.

Wapo pia waliojibu. Tarehe 25 Februari 2002 Umoja wa Mataifa na shirika la Hirondelle walizindua Radio Okapi nchini Kongo, ikitangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, ili watu wa pande zilizokuwa zikipigana wasikie habari moja isiyo na upande. Terrat, Simanjiro, Wamaasai walipata Redio Orkonerei. Kenya, vikundi vya akina mama wa Kibwezi vilianzisha Radio Mang'elete mwaka 2004, na vijana wa Korogocho wakaanzisha Koch FM ndani ya kontena. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza mwenye mtambo na msikilizaji walikuwa mtu yuleyule.

FM ina udhaifu ambao shangwe ya miaka ya tisini iliuficha. Wimbi lake huenda mbele likinyooka, halipindi mlima, na mnara mmoja huhudumia makumi machache ya kilomita. Kulifikia eneo ambalo mtambo mmoja wa masafa ya kati au mafupi ulilifikia, unahitaji minara mingi, na mwekezaji hujenga mnara penye wateja wa matangazo ya biashara. Mijini mtu anachagua kati ya vituo makumi. Mvuvi wa kisiwani ndani ya ziwa na mfugaji wa mpakani hubaki na kelele za hewa.

Na wakati huohuo masafa mafupi yalianza kuzimwa. Vita Baridi vilikuwa vimekwisha, na mtambo wa kilowati 250 hula umeme wa kutisha. Hesabu za wahasibu zikashinda. Kituo cha BBC cha kurusha matangazo kutoka Shelisheli kilifungwa mwaka 2014. Tarehe 28 Machi 2015 Deutsche Welle ilizima mitambo yake ya Kigali, iliyokuwa ikitumika tangu miaka ya 1960, na sehemu kubwa ya Afrika ikapoteza mawimbi yenye nguvu yaliyotoka katikati ya bara lenyewe. Badala yake mashirika hayo yaliingia ubia na vituo vya FM vya kwetu. China ilikuwa imeliona hilo mapema: mwaka 2006 ilifungua Nairobi kituo chake cha kwanza cha FM nje ya nchi. Ufaransa ilianza RFI Kiswahili Dar es Salaam mwaka 2010. Sauti ikawa safi zaidi, hilo sipingi. Ila sasa maneno mengi yanayotoka London au Bonn yanapita kwenye kituo chenye leseni ya serikali ya hapa, na leseni inaweza kusimamishwa kesho asubuhi. Uhuru wa lile wimbi la Cairo umekwisha.

Kasi imeongezeka. Septemba 2022 BBC ilitangaza kufunga redio katika lugha kumi, Kiarabu kikiwemo, na Januari 2023 redio ya Kiarabu ilinyamaza baada ya miaka 85. Machi 2025, kwa amri ya rais wa Marekani, wafanyakazi wa Sauti ya Amerika waliambiwa wakae nyumbani, na matangazo ya lugha nyingi yakakatika siku hiyohiyo. Hakukuwa na kura ya wasikilizaji.

Ulaya nako kuna la kujifunza. Norway ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuzima FM ya vituo vya taifa, ikianzia Nordland Januari 2017 na kumalizia kaskazini kabisa Desemba mwaka huo, ili wote wahamie redio ya kidijitali. Kura za maoni zilionyesha wananchi wengi wanapinga. Magari mengi hayakuwa na kipokezi kipya, na vituo vilipoteza wasikilizaji. Shirika la utangazaji la Uswisi lilifuata mwishoni mwa mwaka 2024, na lenyewe likaona wasikilizaji wakipungua. Hizo ni nchi tajiri. Sisi tunakumbuka Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, televisheni ya analojia ilipozimwa: asiye na king'amuzi alibaki na kioo cheusi.

Wanaosema redio inahamia kwenye simu wana hoja, na kuibeza si haki. Mhudumu wa hospitali aliyeko Muscat na dereva aliyeko Minneapolis leo wanasikia kituo cha Mombasa kana kwamba wako Likoni. Hilo masafa mafupi hayakuwahi kulitoa. Vijana wanatengeneza vipindi vyao vya sauti, wanavituma WhatsApp, hawahitaji mnara wala ruhusa ya meneja wa vipindi. Sehemu ya vijana imeondoka kweli, na matangazo ya biashara yamewafuata.

Ila tuulize nani kashika mtambo huo mpya. Kusikiliza redio kwa intaneti kunakula bando, na bando likikata sauti inakata. Kampuni ya simu inajua nani anasikiliza nini na saa ngapi, jambo ambalo RTD haikuweza kulijua hata ingetaka. Na mtambo huo una swichi. Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Tanzania, siku ya uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima na siku zikapita kabla haijarejea. Watu waliokuwa wamezoea kujua kila kitu kwa dakika walijikuta hawajui kinachotokea mtaa wa pili. Redio za FM ziliendelea kuwaka, lakini katika siku zile mtu aliyetaka habari za yaliyokuwa yakitendeka angehitaji kitu kama wimbi la Cairo, na tayari tumekubali lizimwe.

Hata simu zenyewe zimebadilika kimyakimya. Kitochi, ambacho Wakenya hukiita kabambe, kina redio ya FM ndani yake isiyohitaji bando. Mlinzi wa usiku, mama wa sokoni na fundi wa baiskeli husikiliza kwa hicho. Simu janja nyingi za bei kubwa hazina tena FM, au hazina tundu la waya wa masikioni, ambao ndio uliokuwa antena. Wanafunzi wa Kenya shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona walifundishwa pia kwa redio ya Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC), na kwa mtoto asiye na intaneti somo la redio ndilo lililokuwa ndani ya uwezo wake. Tanzania leo ina vituo vya redio zaidi ya 200, na tafiti za Afrobarometer bado zinaiweka redio mbele au karibu na mbele kama chanzo cha habari cha Waafrika. Chombo kinachokufa hakina takwimu hizo. Hatari inayoikabili redio ni ya kunyimwa umeme, mafuta ya jenereta, vipuri na masafa, huku tukiambiwa kwamba ni wakati umebadilika.

Yapo mambo yanayoweza kufanywa, na yote yako ndani ya uwezo wetu. Maktaba ya kanda za RTD, ambayo sasa iko chini ya Shirika la Utangazaji la Tanzania (TBC), pamoja na ile ya KBC na ya Zanzibar, zihesabiwe upya na kunakiliwa zote, kwa fedha ya umma, maana kanda ya sumaku huoza na mashine za kuichezea hazitengenezwi tena. Serikali zidumishe angalau mtambo mmoja wenye nguvu wa masafa ya kati kwa kila nchi, uwe wa dharura ya mafuriko, vita na magonjwa, na uongozwe na bodi ambayo waziri hawezi kuifukuza kwa simu. Redio za jamii zipunguziwe ada za leseni, kwani kituo cha akina mama wa kijijini hakiwezi kupimwa kwa kipimo cha kituo cha jijini. Na simu zinazoingizwa nchini ziwe na redio ya FM inayofanya kazi bila intaneti, kama sharti la kuuzwa.

Mamlaka za mawasiliano za Tanzania na Kenya huwa zinakusanya maoni ya wadau kabla ya kubadili kanuni za masafa. Mwenye kituo ni mdau na kampuni ya simu ni mdau. Msikilizaji naye ni mdau, hata kama hajawahi kualikwa. Tangazo la kuita maoni likitoka, nenda ukaseme, au andika barua, na umwambie jirani yako naye aandike.